Sindano ya kuazimana, na kwa nini Ufipa haiko mbali

Ukiwauliza wazazi wa hapa Namanyere kuhusu kijana anayejidunga heroini, wengi watakujibu kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Huku kwetu, watasema, shida ni pombe ya kienyeji na bangi. Kwa wagonjwa ninaowaona, hawajakosea sana. Lakini mambo mawili yamenifanya niandike juu ya sindano wiki hii.

La kwanza ni barabara. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, na sehemu ya operesheni hiyo ilifanyika Iringa. Iringa ipo kwenye njia kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, na kutoka Tunduma hadi Sumbawanga siku hizi ni lami. Mzigo unaopita mahali huacha makombo. Ndivyo ilivyokuwa Pwani: heroini ilipita kwanza ikienda kwingine, baadaye ikabaki kwa vijana wa pale pale.

La pili ni fedha. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, dawa za ARV ziliruhusiwa kuendelea kwa kibali maalumu, lakini kazi ya kuwafuata maskani watu wanaojidunga, kuwapima na kuwashawishi waanze tiba, ilipata pigo katika nchi nyingi za Afrika. Kazi hiyo haina kelele. Ikisimama, hakuna foleni inayoonekana hospitalini kesho yake. Matokeo yake huonekana baada ya miaka, kwenye vitabu vya kliniki.

Tuangalie hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania 100 wenye miaka 15 na kuendelea, wanne na kitu wanaishi na VVU (asilimia 4.4). Kwa wanaojidunga, picha ni nyingine kabisa. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta asilimia 42. Mwingine uliofanyika Temeke mwaka 2011 ulikuta takribani asilimia 35. Zanzibar ilikuwa asilimia 16 mwaka 2007, ikashuka hadi karibu 11 mwaka 2012. Kenya ilikuwa na asilimia 18 hivi katika kipindi hicho. Na karibu kila palipopimwa, wanawake wanaojidunga walikutwa na maambukizi mengi kuliko wanaume, kwa sababu wengi wao hubeba hatari mbili: sindano, na ngono ya kutafuta fedha za kununua kete.

Kwa nini sindano ni hatari kiasi hiki? Mara moja ya kutumia bomba lililotumiwa na mwenye VVU asiye kwenye dawa hukadiriwa kuambukiza mara 63 katika kila mara 10,000. Mwanamke akikutana kimwili na mwanaume mwenye VVU bila kinga, makadirio ni mara 8 katika 10,000. Namba zote mbili zinaonekana ndogo, na hapo ndipo watu hujidanganya. Mtu aliyezoea heroini anajidunga mara tatu au nne kwa siku. Zidisha kwa siku za mwaka mmoja uone.

Halafu kuna namna ya kushirikiana. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam waliandika juu ya tabia iliyowashtua hata wao. Mwanamke aliyepata dozi anajidunga, kisha anavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na fedha, aidunge ile damu akiamini ina dawa ya kutosha kumtuliza arosto. Wanaofanya hivyo huiona kuwa huruma kwa mwenzao. Kitabibu ni sawa na kumwongezea mtu damu ambayo haijapimwa, na damu yenye VVU ikiongezwa mwilini huambukiza zaidi ya mara 9 katika kila 10.

Msomaji wa Ufipa aongeze jambo moja ambalo mwenzetu wa Tanga halimhusu sana: baridi. Maabara moja ya Marekani iliwahi kupima kirusi kinaishi muda gani katika mabaki ya damu ndani ya bomba. Kwenye baridi ya jokofu kilikutwa hai hata baada ya wiki sita. Kwenye joto la kawaida la chumba kilififia ndani ya wiki tatu hivi, na kwenye joto la nyuzi 27 na zaidi, baada ya wiki moja kilikuwa nadra kupatikana. Sasa fikiria bomba lililofichwa chini ya kigae mwezi Juni hapa Namanyere, tunapolala na mablanketi mawili. Kulisuuza kwa maji kunapunguza tu, hakuondoi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo magazeti hayaligusi mara nyingi, nalo ni vinasaba vya kirusi chenyewe.

Tukisema VVU tunasema kama kitu kimoja, lakini kirusi hiki ni ukoo. Kila kinapojizalisha hukosea kunakili, na makosa hayo hujikusanya hadi kuwa matawi tofauti ambayo wataalamu wameyapa herufi. Ulaya na Marekani tawi kubwa ni B. Kwetu Afrika Mashariki kuna A1, C na D. Uganda, Kenya na Pwani yetu yote, Zanzibar ikiwemo, A1 imeshika nafasi kubwa, na vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa wanaojidunga nchini Kenya viliikuta hiyo hiyo ikitawala. D iko zaidi upande wa Uganda na kanda ya Ziwa Victoria. C ndiyo ya kusini: Zambia, Malawi, Afrika Kusini, na kwetu nyanda za juu kusini. Tawi hilo la C peke yake lina karibu nusu ya maambukizi yote duniani.

Historia yake inapita karibu na mlango wetu. Wanasayansi waliofuatilia makosa hayo ya kunakili kurudi nyuma, kama mtu anayehesabu vizazi, waliona kwamba janga hili lilianza kusambaa Kinshasa miaka ya 1920. Likapanda treni pamoja na wafanyakazi hadi miji ya migodi ya kusini mwa Kongo, na huko ndiko tawi la C lilikopata nguvu kabla ya kuelekea kusini na mashariki. Kutoka Kirando au Kipili, ukitazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika siku isiyo na ukungu, unaitazama Kongo. Ukishuka na ziwa hadi Kasanga, Mpulungu ya Zambia iko jirani. Ufipa imekaa mahali ambapo njia ya C kutoka kusini inakutana na njia ya A1 na D kutoka kaskazini.

Zikikutana nini hutokea? Mbeya imetupa jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa huko walifuatilia kwa miaka kadhaa wanawake wapatao 600 waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa na maeneo kama hayo kando ya barabara kuu. Wengi wa waliokuwa na VVU walikutwa na virusi chotara, yaani kipande cha A kimeungana na kipande cha C, au C na D. Wengine walikuwa na aina mbili mwilini kwa wakati mmoja. Inavyotokea si vigumu kuelewa. Kirusi hubeba nakala mbili za maelekezo yake. Aina mbili zikiingia kwenye seli moja, kirusi kipya kinaweza kubeba nakala moja ya kila upande, na kinaponakili huruka kutoka moja hadi nyingine, kama mwanafunzi mvivu anayenakili daftari la jirani wa kushoto, kisha la jirani wa kulia. Insha inayotoka ni ya wote wawili.

Bomba la kuazimana linafanya kazi hiyo upesi kuliko kitanda. Watu watano wakishirikiana bomba moja kwenye maskani, kila mmoja na alikotoka, mmoja Tunduma, mmoja Kigoma, mmoja Dar es Salaam, virusi vyao vinakutana ndani ya wiki moja. Ndiyo maana nasema kwamba mtu ambaye tayari ana VVU naye ana sababu ya kutoazima bomba. Nimewahi kusikia hoja ya "mimi ninao, yeye anao, tunaogopa nini?" Mnaogopa kupeana aina ya pili, na kubwa zaidi, mnaogopa kupeana kirusi kilichozoea dawa. Kirusi sugu kikihamia kwako, unakianzia dawa kikiwa tayari kinazijua.

Upande mwingine wa somo la vinasaba ni kinyume cha mchanganyiko. Kirusi kimoja kikiingia kwenye kundi linaloshirikiana mabomba, kinaweza kulimaliza kundi zima kabla hakijapata nafasi ya kubadilika. Mfano unaonikosesha usingizi ni wa mji mdogo uitwao Austin, katika jimbo la Indiana, Marekani. Una watu kama 4,200, na ni mji wa mashambani. Wilaya yake ilizoea kupata wagonjwa wapya wa VVU wasiofika watano kwa mwaka. Kati ya mwisho wa 2014 na mwisho wa 2015 walipatikana 181, karibu wote wakiwa watu waliokuwa wakijidunga dawa ya maumivu waliyoiyeyusha majumbani. Virusi vilipopimwa vinasaba, karibu vyote vilikuwa ndugu wa damu. Kirusi kimoja kilikuwa kimezunguka mji mzima ndani ya miezi michache. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa pia na homa ya ini aina ya C, ambayo nayo hupita kwenye sindano. Kwa maneno mengine dalili ilikuwepo. Homa ya ini ilikuwa imetangulia njia ile ile, na hakuna aliyeisoma. Gavana aliruhusu ugawaji wa mabomba safi mwishoni mwa Machi 2015, watu wakiwa wameshaambukizwa.

Mji ule nao ulikuwa ukisema hayo ni mambo ya miji mikubwa.

Nimeulizwa kama aina hizi za virusi zinabadilisha kipimo au dawa. Kwa mgonjwa wa kawaida, hapana. Vipimo vya haraka vinavyotumika vituoni vinazitambua A, C, D na chotara wao. Kidonge kimoja cha siku chenye dolutegravir, ambacho Tanzania ilianza kukitumia mwaka 2019, kinafanya kazi kwa zote. Tofauti ndogo zipo: tafiti za Uganda, na nyingine ya Dar es Salaam, zilionyesha kwamba wenye D ambao hawajaanza dawa hudhoofika mapema kuliko wenye A. Kwangu hilo ni sababu nyingine ya kuanza dawa siku unapopimwa. Mgonjwa hahitaji kwenda kutafuta herufi yake.

Na niweke wazi jambo ambalo limeanza kunifikia kama uvumi: kipimo cha vinasaba hakiwezi kumthibitisha nani alimwambukiza nani. Kinaweza kuonyesha kwamba virusi vya watu wawili ni ndugu. Hakiwezi kusema kama mmoja alimpa mwingine, au wote walipewa na mtu wa tatu ambaye hakupimwa. Anayekuja kliniki akitaka kipimo hicho ili amshtaki mume au mwenzake wa maskani atarudi mikono mitupu, na mimi naona ni heri. Siku kipimo kitakapogeuzwa kuwa polisi, watu wataacha kupima.

Mama mmoja aliniuliza swali zuri zaidi kuliko hayo yote. Mwanawe amerudi kutoka mjini, amekonda, anakaa chooni muda mrefu, na kila asubuhi anasema ana malaria. Je, amfukuze ili asiwaharibu wadogo zake?

Nilimwambia kwanza tuhakikishe. Asubuhi ya mtu aliyekosa heroini inafanana kweli na malaria: kutetemeka, viungo kuuma, tumbo kukata, kuharisha. Lakini kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na kuna mambo ambayo malaria haina: miayo isiyoisha, makamasi na machozi kama mtu mwenye mafua, ngozi kusimama vinyweleo. Akishapata dozi yote yanapotea ndani ya dakika chache, anasinzia akiwa ameketi, na mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini. Kwingine wazazi huambiwa waangalie mtoto anayevaa mikono mirefu wakati wa joto. Hapa kwetu dalili hiyo haifai, maana sote tumevaa masweta.

Kuhusu kumfukuza, nilimjibu kwamba wadogo zake hawaambukizwi kwa kula naye sahani moja ya ugali na migebuka. Hatari ipo kwenye bomba na nyembe. Akitoka nyumbani ataenda maskani, na maskani ndiko bomba linakoazimwa. Kijana anayelala kwao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufika kliniki.

Tatizo ni kwamba kliniki yenyewe iko mbali, na hapa nitasema bila kuzunguka. Heroini ina tiba. Methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, huondoa arosto na kumwezesha mtu kufanya kazi. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011, mbele ya nchi nyingi za Afrika, kisha Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, na mwaka 2017 Mbeya. Anayekunywa methadoni haitaji sindano, na asiyehitaji sindano haazimi bomba. Sijui kinga nyingine ya VVU kwa watu hawa inayoishinda. Lakini kutoka Namanyere hadi Sumbawanga ni karibu kilomita 100, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya 300. Dawa ya kila siku yenye umbali huo maana yake ni kuhama. Familia inayoishi kwa gunia za mahindi itampangishia kijana chumba Mbeya kwa miaka mingapi? Serikali ikipeleka dawa hii hospitali ya mkoa, na kuwaruhusu waliotulia kuchukua dozi za siku kadhaa nyumbani, itakuwa imefanya kazi kabla ya moto. Kusubiri hadi Rukwa iwe na wagonjwa wa kutosha kuhalalisha kliniki ni kurudia hesabu ya Austin.

Wakati tukingoja, kuna yanayowezekana. Mabomba safi ni bei ndogo, na duka la dawa halipaswi kumnyima mtu bomba kwa sababu sura yake inatiliwa shaka. Nimesikia wauzaji wakijisifu kwamba wanawafukuza "mateja". Teja aliyefukuzwa dukani haachi kujidunga, anakwenda kuazima.

Sindano hailali maskani peke yake, kwa hiyo wazazi wasiohusika na heroini nao wasifunge gazeti. Mwaka 2019 huko Ratodero, Pakistani, mamia ya watoto walikutwa na VVU ilhali mama zao wengi hawakuwa nao. Walichomwa sindano za homa na kuharisha kwa mabomba yaliyorudiwa. Miaka mitano kabla, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, watu zaidi ya 200 waliambukizwa namna hiyo, na vinasaba vikaonyesha virusi vya ukoo mmoja. Aliyewachoma hakuwa na leseni. Sisi Wafipa, kama Watanzania wengine, tunaipenda sindano kuliko kidonge. Maduka ya dawa muhimu hayaruhusiwi kuchoma sindano, na yule jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati naye haruhusiwi. Mahali panaporuhusiwa, mzazi aombe kuona bomba likifunguliwa kwenye pakiti yake. Muuguzi mzuri hakasiriki. Chanjo za watoto zisikutie hofu, kwani mabomba yake hujifunga yakishatumika mara moja.

Kwa anayejidunga na anasoma hapa, au mzazi wake: pima VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu, kwa pamoja. Kipimo cha VVU kikiwa safi na uliazima bomba karibuni, rudia, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuchelewa hadi miezi mitatu kuona maambukizi mapya. Kama uliazima jana au juzi, njoo leo. Dawa za kinga baada ya hatari, ambazo vituoni tunaziita PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Homa ya ini B ina chanjo. Homa ya ini C ina vidonge vinavyoiponya kwa wiki 12, ingawa kuvipata huku bado ni kazi.

Kama tayari uko kwenye ARV na wingi wa virusi hauonekani, humwambukizi mwenzi wako kwa ngono. Hilo limethibitishwa. Kwa bomba la kuazimana halijathibitishwa hivyo, kwa hiyo usilitegemee. Ukienda Mbeya kuanza methadoni, mwambie mhudumu dawa zote unazotumia. Dolutegravir na methadoni havigombani. Rifampisini ya kifua kikuu inagombana na zote mbili: hupunguza nguvu ya methadoni hadi arosto kurudi, na inalazimu dolutegravir inywewe mara mbili kwa siku. Vijana wameacha tiba kwa sababu hiyo tu, wakidhani methadoni imechakachuliwa, kumbe dozi ilihitaji kupandishwa.